Lori Ligongalo Mbele na Kuyumba Barabarani

Lori litokalo Nairobi na shehena ya saruji na mabati kwenda Narok hupita Limuru, likafika ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo huanza kushuka mteremko wa Mai Mahiu. Barabara ile ilijengwa na mateka wa vita Waitaliani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali limesimama kando ya njia. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, na upande wa pili ni bonde. Mahali kama hapo, uzito wa mzigo ukiwa umelemea magurudumu ya mbele na breki zimeanza kupata moto, dereva hawezi kuvumilia usukani usiomtii.

Magonjwa mawili ya sehemu ya mbele ya lori hupenda kuja pamoja. La kwanza ni kishindo: gari likiingia shimoni, au breki zikikanyagwa, chuma hugonga chuma chini ya miguu ya dereva. La pili ni kuyumba. Lori haliendi kule lilikoelekezwa, bali hutangatanga huku na huku, na dereva hana budi kulirudisha njiani kila mara, kama mchungaji aliyepewa ng'ombe mkaidi. Mwanzoni huliona kuwa jambo dogo. Baada ya safari ya saa nne mabega yake yamechoka, na gari likipishana na basi hushika usukani kwa hofu.

Watu wengi, wakiliona jambo hilo, hudhani mara moja ya kuwa ubaya umo katika sanduku la usukani, kwa kuwa sanduku ndilo lililo karibu na mkono. Lakini mara nyingi ubaya umo chini zaidi, katika viungo vinavyopigwa na mawe na kuoga matope kila siku.

Mfano wake ni lori moja la tani saba lililokuwa likibeba saruji katika njia hiyo hiyo. Fundi wa kwanza aliyeitwa kulitazama hakuliinua hata kidogo. Alilegeza nati ya skrubu iliyo juu ya sanduku la usukani, akaikaza skrubu karibu nusu mzunguko, akapokea fedha yake. Usukani ukawa mgumu mikononi, na mwenye gari akafurahi, akidhani ugumu ni dalili ya uzima. Siku ya pili lori likayumba kupita kwanza. Likitoka katika kona, usukani haukurudi wenyewe katikati kama ilivyo desturi. Ilimbidi dereva aurudishe kwa nguvu, naye kila mara aliuzidisha.

Lori likapelekwa kwa mzee mmoja mwenye karakana.

"Mzee, tumeambiwa sanduku la usukani limekwisha," mwenye gari akasema. "Nimekuja kuuliza bei ya jingine."

"Labda limekwisha, kijana wangu," mzee akajibu. "Lakini kwanza mwite dereva wako, aniambie gari hugonga wakati gani."

Swali hilo ndilo mwanzo wa kazi, na lafaa kuulizwa kabla spana haijaguswa. Kishindo kikisikika gari linapopita juu ya mawe madogo, na usukani hautikisiki, yafaa kushuku bushi za springi na mahali zifungwapo shokamzoba. Kikija mara moja tu breki zinapokanyagwa, na tena mara moja gari linapoondoka, yaelekea ekseli yenyewe inasogea chini ya springi, maana yake boliti zimelegea. Kikisikika gari limesimama na usukani unazungushwa, ubaya umo katika kingipini, au katika viungo vya tairodi, au sanduku la usukani halikushikwa sawasawa kwenye chesisi. Dereva wa lori lile alisema alikisikia wakati wa breki na wakati wa kugeuka pia. Basi mzee akajua ya kuwa hatafuti kosa moja.

Ili mtu aelewe yaliyofuata, yampasa ajue jinsi sehemu ya mbele ya lori ilivyo. Malori mengi yaonekanayo katika masoko ya Kenya, ya zamani na mapya, yana ekseli ya mbele iliyo boriti moja ya chuma kilichofuliwa, ikikaa chini ya springi mbili za majani. Kila springi imefungwa kwenye ekseli kwa boliti zenye umbo la herufi U, ziitwazo yuboliti, na katikati ya majani hupita sentaboliti, ambayo kichwa chake hukaa ndani ya tundu la ekseli ili isiteleze mbele wala nyuma. Katika kila ncha ya ekseli kimo kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka pamoja nalo. Hicho na kiitwe kigeukio. Kigeukio kimeunganishwa na ekseli kwa pini nene iliyosimama wima, nayo ndiyo kingipini. Kigeukio huizunguka pini hiyo kwa bushi mbili, moja juu na moja chini, na uzito wa gari hukalia beringi bapa iliyo kati ya ekseli na kigeukio. Vigeukio viwili huunganishwa na fito ndefu, yaani tairodi, yenye viungo vya mpira wa chuma katika ncha zake. Fito nyingine hutoka kwenye mkono wa sanduku la usukani kwenda kwenye kigeukio cha upande wa dereva. Kila mahali panapogeuka hapo hula chuma, na ulegevu mdogo wa kila kiungo hujumlishwa hata dereva ahisi ulegevu mkubwa mkononi.

Mzee alianza na tairi. Kuna mafundi waonao aibu kuanza na jambo rahisi hivyo, lakini tairi yenye upepo mchache hulifanya lori liyumbe sawa kabisa na lori lenye kingipini zilizolika. Tairi za mbele za namna mbili tofauti, moja ya redieli na nyingine ya kizamani yenye nyuzi zilizopishana, haziwezi kwenda pamoja. Na mpira wenyewe husema: fundi akipitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kuja ndani na kurudi, akahisi makali kama meno ya msumeno kwa upande mmoja, basi magurudumu hayakuelekezwa sawa, nayo husuguliwa ubavu njia nzima. Akauliza pia habari za mzigo. Saruji ikipangwa yote nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari hunyanyuka, na magurudumu ya mbele hugusa njia kwa wepesi tu. Lori hilo litayumba hata likiwa jipya.

Kisha yakafuata majaribio, na katika hayo utaratibu wa kwanza ni kuliacha gari juu ya magurudumu yake. Mtu mmoja huketi penye usukani na kuutikisa kidogo, kushoto na kulia, bila kuugeuza mbali. Gari lenye usukani wa nguvu za mafuta hujaribiwa injini ikiwaka, kwani injini ikizimwa kipimo hudanganya. Sheria ya Marekani ya magari ya mizigo, kwa mfano, huruhusu duara la usukani lenye upana wa inchi 18 lizunguke ovyo inchi 4¾ kwenye ukingo wake ikiwa lina nguvu za mafuta, na inchi 2¼ tu ikiwa halina. Usukani wa lori lile ulipita kiasi hicho.

Huku taniboi akiutikisa usukani, mzee alilala chini akashika kila kiungo kwa kiganja, kimoja baada ya kingine. Macho hayatoshi katika kazi hii. Mkono uliokumbatia kiungo huhisi sehemu moja ikianza kwenda kabla ya nyingine, hata kama umbali wao ni unene wa ukucha. Alianza katika mkono wa sanduku, akautazama hasa mwili wa sanduku lenyewe kama unasogea juu ya chesisi, maana boliti zake zikilegea, au chesisi ikipasuka penye matundu yake, hakuna ukazaji wa skrubu utakaosaidia. Sanduku lilikuwa imara. Kiungo cha tairodi cha upande wa kushoto kilicheza. Ndani yake alikuta kipande cha mpira wa tairi kilichosokomezwa na mtu ili kuondoa ulegevu. Hila hiyo hudumu wiki moja, kisha kiungo huwa hatari kuliko kwanza, kwa kuwa sasa ubovu wake umefichwa.

Baada ya hapo ndipo gari likainuliwa. Magurudumu ya nyuma yalizuiwa kwa magogo mbele na nyuma, jeki ikawekwa chini ya ekseli, na ekseli ikakalishwa juu ya vigingi vya chuma. Fundi asilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililokalia mawe au matofali. Tofali hupasuka bila kutoa onyo.

Mzee akashika tairi juu na chini, akaisukuma kwa juu na kuivuta kwa chini, kisha kinyume chake. Ikacheza. Hapa ndipo fundi wengi hukosea, kwa kuwa gurudumu hucheza hivyo kwa sababu mbili zisizofanana: beringi ya habu iliyolegea, au kingipini na bushi zake zilizolika. Ya kwanza hutengenezwa kwa nusu saa na gharama ndogo, na ya pili ni kazi ya siku nzima. Njia ya kuzitofautisha ni nyepesi na haihitaji chombo chochote. Msaidizi huambiwa akanyage breki na kuishikilia, na fundi hulitikisa gurudumu tena. Breki ikishika, habu na kigeukio huwa kitu kimoja, na beringi haiwezi kucheza. Ulegevu ukitoweka, ulikuwa wa beringi. Ukibaki vile vile, ni wa kingipini. Katika gurudumu la kulia ulitoweka wote. Katika la kushoto ulipungua kidogo tu, na mwenye gari aliyekuwa amechutama kando aliweza kuona kwa macho yake kigeukio kikiinamia ekseli na kurudi.

"Basi sanduku halina kosa?" akauliza.

"Kosa lake ni kule kukazwa," akajibu mzee. "Bado springi."

Springi hutazamwa gari likiwa limerudishwa chini, mtaimbo ukiingizwa kati ya springi na vishikizo vyake ili kuona kama pini zinaruka ndani ya bushi. Bawaba ya nyuma ya springi hulika upesi kuliko pini ya mbele, kwani ndiyo inayokwenda na kurudi springi inaponyooka. Penye yuboliti dalili hujionyesha yenyewe: chuma kinachosogea husaga kutu ikawa unga mwekundu, nao hutoka kwenye ukingo wa mahali pa kukutania. Unga huo ulikuwa mwingi upande wa kushoto. Mzee akapima kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kulia kisha kushoto. Kushoto palipungua sentimita nzima na zaidi. Sentaboliti ilikuwa imekatika, na ekseli ilikuwa imerudi nyuma kwa upande huo. Breki zilipokanyagwa ilirudi zaidi, na lori likavutwa kushoto, yaani upande wa ukingo wa barabara.

Kuhusu matengenezo ya kingipini yafaa kusema kwa urefu, kwa kuwa hapo huharibiwa mengi. Gurudumu, habu na breki zikiisha kutolewa, hutafutwa kwanza kipini kidogo kinachopita ubavuni mwa ekseli ili kuizuia kingipini isizunguke. Kisipotolewa hicho, nyundo itapigwa hata ncha ya kingipini itanuke kama uyoga, nayo haitatoka tena. Kingipini iliyokaa miaka mingi bila grisi hushikwa na kutu. Humwagiwa mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa usiku kucha, au hutolewa kwa mashine ya kugandamiza. Kuwasha moto wa gesi juu ya ekseli ni njia ya mkato ipendwayo sana, nayo ni mbaya. Chuma cha ekseli kilitiwa ugumu kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto usiopimwa hukiondolea nguvu zake. Kwa sababu hiyo hiyo, ekseli, kigeukio na tairodi haviunganishwi kwa kuchomelea wala havinyooshwi kwa moto. Kikipinda kimoja hutupwa.

Bushi mpya hushindiliwa kwa uangalifu, na tundu lake la grisi lilingane na tundu la nipeli. Bushi ikikaa kombo kidogo tu, bomba la grisi litasukumwa bure na kingipini mpya itakufa kavu kabla ya mwaka kwisha. Kisha bushi huchongwa kwa rima hata pini iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo na bila kucheza. Washa nyembamba huwekwa kati ya ekseli na kigeukio kuondoa nafasi ya juu na chini. Kazi ikiwa njema, kigeukio huzunguka kwa mkono mmoja, laini, wala hakitikisiki. Kingipini hubadilishwa zote mbili, hata ikiwa moja ndiyo iliyolia.

Kiungo cha tairodi kilibadilishwa kwa muda mfupi. Mzee alihesabu mizunguko ya kukifungua ili kipya kirudi mahali pale pale. Nati yake ilipokazwa kwa kiasi kinachotakiwa na tundu la pini ya kufungia halikulingana, aliikaza mbele hadi tundu lililofuata. Kuirudisha nyuma ili pini ipite ni kosa dogo kwa kutazama, lakini linaweza kuondoa usukani wote njiani.

Springi ya kushoto ilipata sentaboliti mpya, na yuboliti zote nne zikatupwa, kwa maana yuboliti iliyokwisha kunyooshwa haishiki tena kama kwanza. Mpya zikakazwa kwa kupokezana, pembe kwa pembe, uzito wa gari ukiwa juu ya springi. Chini ya springi palikuwa na kabari nyembamba za chuma, na mzee alizipiga alama ya chaki kabla hajazitoa. Kabari hizo huilaza kingipini nyuma kidogo kwa upande wa juu, kama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala. Ulalo huo ndio unaorudisha gurudumu katikati baada ya kona. Kabari ikigeuzwa mbele nyuma, lori halitaishika njia hata kila kiungo kikiwa kipya. Wenye malori waongezao majani katika springi za nyuma ili wabebe zaidi hufanya kosa lilo hilo bila kujua, kwa kuwa nyuma ikiinuka, kingipini hupoteza ulalo wake.

Hapo tu ndipo sanduku la usukani lilipoguswa. Magurudumu yalinyooshwa mbele na fito ya usukani ikafunguliwa, ili sanduku lipimwe peke yake. Sanduku limeundwa libane zaidi katikati, mahali ambapo usukani hukaa muda mrefu, na lilegee kidogo pembeni. Hivyo skrubu ikirekebishwa magurudumu yakiwa yamegeuzwa, litabana kupita kiasi likirudi katikati. Mzee alilegeza ule ukazaji wa fundi wa kwanza, akaurudisha kwenye kipimo cha kitabu cha gari. Usukani ukawa mwepesi tena.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha kuelekeza magurudumu, nacho hufanyika hata pasipo mashine. Juu ya sakafu iliyo sawa, mstari wa chaki huchorwa katikati ya kila tairi ya mbele, kwa upande wa mbele, kwa kimo cha habu, na umbali kati ya mistari miwili hupimwa. Kisha gari husukumwa mbele, wala si nyuma, nusu mzunguko, hata alama zile zile zifike upande wa nyuma kwa kimo kile kile, na umbali hupimwa tena. Upande wa mbele huwa mfupi kwa milimita chache tu, kama kitabu cha gari kisemavyo. Ukiwa mrefu kuliko wa nyuma, magurudumu yanaangalia nje na gari litatafuta njia kila upande. Hurekebishwa kwa kulegeza vibanio na kuzungusha fito yenyewe, kwani ncha zake zina nyuzi za kulia na za kushoto.

Kabla ya kushushwa, kingipini zilitiwa grisi magurudumu yakiwa bado hewani. Gari likikaa chini, uzito hufunga nafasi ile ile ambayo grisi inapaswa kupita, na beringi bapa haipati kitu. Bomba husukumwa hata grisi chafu itoke na safi ifuate. Katika njia za maramu, vumbi likichanganyika na maji huwa kama unga wa kunolea, na grisi mpya ndiyo inayousukuma nje. Hivyo lori la Narok huhitaji bomba mara nyingi kuliko lori lisilotoka mjini.

Dereva alilijaribu kwanza likiwa tupu, kwa mwendo wa pole, akipiga breki mahali pasipo na magari na kuachia usukani kidogo ili aone unarudi. Halikugonga. Mzee akamwambia asafiri na nusu ya mzigo tu safari ya kwanza, na akisha kwenda kilomita 500 arudi karakana, kwa sababu yuboliti mpya hulegea kidogo springi zinapokaa mahali pake. Aliporudi, nati tatu kati ya nane zilikubali spana.